Shimo la Nyuma ya Kanisa

Juzi, kwenye magofu ya kanisa la kale huko Ugiriki, mwongoza watalii alituonyesha shimo la mawe sakafuni. "Kaburi," mwenzangu akanong'ona. Mimi nikacheka, maana nilikumbuka utoto wangu kijijini Mabawe.

Nyuma ya kanisa letu walichimba shimo, wakatandika turubai na kujaza maji. Udongo mbichi ulinukia kama siku tuliyomzika bibi. Mama akashuka humo, amevaa nguo nyeupe. Mchungaji alipomlaza majini nikapiga yowe hadi kwaya ikanyamaza: "Msimzike mama yangu!"

Mama akaibuka akikohoa, akatoka mbio kunikumbatia, nikalowa chepechepe. "Nyamaza, mwanangu. Nimebatizwa tu."

Kumbe shimo lile la ubatizo, kama hilo la Ugiriki, lilikuwa na ngazi za kupandia. Kaburi la bibi halikuwa nazo.