Nilivyomhukumu Mama Nambike kwa Mara ya Pili

Kuna watu hapa Same wakipita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu hawanisalimii, wananiuliza tu, "Profesa, huyo mama kafungwa kwa nini?" halafu wanacheka mpaka wanashika nguzo, na mimi nacheka nao kwa sababu najua nikinuna itakuwa mbaya zaidi. Leo naeleza mwenyewe. Nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, kila mmoja anatia chumvi yake. Aibu ni yangu, acheni niibebe mwenyewe.

Enzi hizo, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni, tulikuwa na banda la video karibu na soko, mabati matupu kuanzia chini mpaka juu, mabenchi ya mbao yaliyochana suruali za watu wengi (zangu mbili), televisheni ya chogo juu ya meza, na feni moja iliyokuwa inazunguka pale inapojisikia. Mimi nilikuwa mtafsiri. Nakaa pembeni ya televisheni na maiki yangu, sauti ya filamu naipunguza, wao wanaongea chao na mimi naongea changu kwa Kiswahili, basi watu raha mustarehe. Lugha zenyewe nilikuwa sizijui hata moja. (Msinitazame hivyo, niambieni ni nani aliyekuwa anazijua.) Kazi ilikuwa kuitazama filamu kwanza mara mbili tatu nyumbani, uelewe nani kamdhulumu nani, halafu siku ya onyesho unaingiza na mambo ya kwetu, jambazi unampeleka kujificha bwawani Nyumba ya Mungu kwa wauza samaki, polisi unawapandisha Ugweno kwa bodaboda, na hao wanaotazama wanapiga mabenchi kwa furaha. Watu wa mlimani walioshuka gulioni walikuwa wanaingia na magunia yao humo humo, wakisubiri gari la kurudi juu, na mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi mbichi nalikumbuka lile banda. Jamani, zile siku zilikuwa tamu, na mimi nilikuwa mtu.

Sasa, nilikuwa na nia na binti mmoja. Anaitwa Nambike, alikuwa anashona nguo fremu ya pili kutoka bandani kwetu, mpole, ana kicheko cha chini chini ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine. Mama yake alikuwa anauza ndizi na magimbi sokoni. Walikuwa wameshuka kutoka mlimani miaka michache nyuma, na kwa nini walishuka Nambike hakuniambia na mimi sikuuliza (kijana akishapenda haulizi habari za mashamba). Yule mama nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, kajitanda khanga, maana mkwe mtarajiwa humkodolei macho. Nilipomwambia Nambike kwamba nataka kutuma mshenga, akacheka kile kicheko chake akasema, "Mama anataka aione kazi yako kwanza. Anasema mtu anayeongea peke yake gizani ugali anautoa wapi?"

"Mlete siku ya gulio," nikasema. "Mchana. Atafurahi mwenyewe."

Mzee Kiondo, mwenye banda, akanipa filamu ya siku hiyo. Ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, ya huko Asia, imegawanywa kwenye sidii mbili. "Hii ni ya mwanamke aliyetoka jela," akaniambia, "ya kisasi, inasisimua vibaya mno. Lakini itazame yote kwanza, kijana. Mwanzo wake ndio wenyewe." Nikamjibu ndiyo mzee. Jioni nikapiga pasi shati, nikang'arisha viatu, nikajikata ndevu nikajikata na kidevu, halafu ndipo nikakumbuka filamu. Sidii ya kwanza ikakwama. Nikaifuta kwa shati, ikakwama tena. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulionimaliza: nikasema ah, filamu ni filamu, kesho naanzia ya pili, nani atajua? Hiyo ya pili nayo sikuitazama, nikalala zangu nikiwaza posa.

Siku ya gulio banda likajaa mpaka watu wakakalia magunia. Nikamwona Nambike anaingia peke yake, anakaa benchi la mbele, nikajua mama kabanwa na wateja. (Kumbe mama alikuwa ameshaingia, kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kajifunika, kwa sababu hakutaka kuonwa na watu wa kwao.) Nikazima taa, nikaweka sidii ya pili. Filamu ikaanza moja kwa moja na mwanamke kakaa ndani ya selo, nywele zimenyolewa, ametulia tuli, anatazama ukuta. Hasemi kitu. Dakika nzima hasemi kitu, na mimi na maiki yangu sina cha kutafsiri.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Profesa, huyo mama kafungwa kwa nini?"

Ningesema tu kwamba kaua. Ingekwisha. Lakini nilikuwa na shati lililopigwa pasi na binti benchi la mbele, nikataka kitu cha kuwavunja mbavu. Na wiki ile ile, kwa kinyozi, nilikuwa nimesikia wazee wa mlimani wakisimulia habari ya mwanamke mmoja aliyefungua ndiva alfajiri kabla ya zamu yake, maji yote yakaisha, maharage ya watu yakakauka, akatozwa mbuzi na kunyang'anywa zamu. (Ndiva, kwa wasiojua, ni bwawa dogo walilolichimba babu zetu huko juu. Maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwa mwenzako. Mpare anaweza kukusamehe umeiba kuku wake. Zamu yake ya maji, thubutu!) Nikavuta maiki nikasema, "Huyu? Huyu alifungua ndiva alfajiri, watu wamelala! Mwizi wa maji huyu!"

Banda likapasuka. Watu walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye gunia. Nani angenizuia tena? Yule mwanamke akatolewa jela, nikasema anarudi kumalizia maji yaliyobaki. Akamfuata mwanamume wa kwanza, nikasema huyo ndiye mwenye zamu ya Jumatano. Akawa anatembea kwenye mvua, nikasema mnaona hata mvua anaiba, na watu wanaitikia kwa pamoja, "Mwizi! Mwizi wa maji!" Nambike benchi la mbele alikuwa anatikisa kichwa na kunipungia mikono miwili, nikafikiri mtoto wa watu kafurahi mpaka anapagawa, nikaongeza sauti ya spika.

Hapo mtu akasimama nyuma, akaja taratibu katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya televisheni kabisa, kaziba kioo. Mwanamke, kajitanda khanga. Sasa sisi watafsiri tulikuwa na tabia ya kuwakaripia watu kwenye maiki, ndiyo ilikuwa sehemu ya burudani. Nikasema, na spika ikapeleka mpaka sokoni, "We mama, kaa chini! Au na wewe umetoka kufungua ndiva?"

Hakuna aliyecheka. Wale wa mlimani waliokuwa kwenye magunia walikuwa wameinama wote kwa pamoja. Nambike akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, "Huyo ni mama yangu."

Ndugu zangu, nilitaka ardhi ipasuke. Maiki ikaning'inia, nikajisikia jasho linateremka mpaka kwenye viatu vyangu vilivyong'aa. Nikasema, "Shikamoo mama." (Ndiyo, nilisema shikamoo. Ungekuwa wewe ungesema nini?)

"Marahaba," akaitikia, kwa adabu kamili. Halafu akaniuliza, "Wewe uliniona nikifungua?"

"Hapana, mama."

"Na huyu," akaonyesha kioo kwa kidole, "ulimwona alichofanya?"

"Hapana, mama. Sidii ya kwanza inakwama."

Akanitazama. Akanyoosha mkono, nikampa maiki, akaishika kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono kuzima deki, akasema, "Acha iende." Basi akasimama pembeni pale pale nilipokuwa nakaa mimi, na yule mwanamke wa kwenye filamu akaendelea na kisasi chake, na Mama Nambike akaanza kutafsiri.

Alikuwa hapayuki kama mimi. Alikuwa anaongea polepole, kwa lafudhi ile ya mlimani, kila mwanamke yule akifungua mdomo na yeye anafungua wa kwake. "Mimi sikufungua ndiva," akasema. "Nilipita alfajiri nakwenda kutafuta dawa, mtoto alikuwa na homa. Nikakuta kizibo kimeoza, kimeng'oka, maji yanakwenda. Nikavua khanga yangu nikaziba nayo. Nikaita, hakuna aliyesikia. Mlipokuja mkanikuta nina matope mpaka kwenye viwiko, mkasema, tumemkamata." Kwenye kioo yule mwanamke alikuwa kasimama mbele ya mzee mmoja mwenye masharubu, machozi yanamtoka bila uso kukunjamana, na naapa kwenu midomo yao ilikuwa inakwenda sawa. Akina mama wa sokoni walikuwa wamejaa mlangoni wamekuja kusikiliza. Nikajikuta nalia. Mimi, mtafsiri, nalia kwenye filamu yangu mwenyewe.

Kutoka kwenye magunia sauti ya mzee ikasema, "Mbona siku ile hukuyasema haya?" Alikuwa Mzee Elinami, ambaye nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ndiye aliyekuwa mgawa maji wa kijiji chao (kijiji sikitaji, wenyewe wanajijua). Alikuwa ameshuka kuuza tangawizi.

"Niliyasema," akajibu Mama Nambike kwenye maiki. "Niliyasema mara tatu. Kila mtu alikuwa anaongea juu yangu."

Filamu ikafika mwisho. Yule mwanamke akamkuta wa mwisho wa maadui zake bustanini kwake, mzee, mnyonge, na akachomoa kisu, na sasa banda zima hakuna aliyejua nini kinafuata, mimi wa kwanza. Mama Nambike akamtazama Mzee Elinami pale kwenye magunia.

"Sitaki damu yenu," akasema. "Nataka zamu yangu."

Akaweka maiki mezani, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Yule wa kwenye filamu sijui kama alichoma au hakuchoma, hakuna aliyekuwa anatazama. Mzee Elinami alibaki amekaa, kofia magotini, mpaka gari la mlimani likapiga honi mara ya nne.

Wiki ya pili yake wazee wanne walishuka. Hawakwenda kwa mtu mwingine yeyote, walikwenda moja kwa moja sokoni, kwenye yale mafungu ya ndizi, mbele za watu, wakasimama wakamwomba radhi, na mbuzi wamemleta, anawalilia hapo pembeni. Nilikuwa nimesimama mbali nyuma ya duka la mbolea natazama, nimefurahi utadhani mbuzi ni wangu. Nikajiambia kumbe ujinga wangu umezaa heri, sasa mama ataona, sasa mshenga aende hata kesho. Wakamrudishia zamu yake, kila Jumanne asubuhi, kama zamani.

Zamu ya maji inatakiwa iwe na mtu huko huko juu shambani, hilo sikulifikiria. Mwisho wa mwezi Mama Nambike akauza kibanda chake cha sokoni, akafunga mizigo, na Nambike akafunga cherehani yake. Nilimkuta stendi anapandisha vitu kwenye gari, milima iko juu yetu imevaa mawingu yake, upepo wa Same unatupiga vumbi la macho. Nikamwomba msamaha, nikaomba tena, nikamuuliza mama amesemaje kuhusu ile habari yetu.

Nambike hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko matusi. "Mama alisema anataka kuiona kazi yako," akasema. "Ameiona."

Sasa ana watoto watatu, mumewe ni mwalimu huko huko juu, na nasikia Jumanne wakifungua maji shamba lao lote linang'aa. Banda limekuwa duka la vocha. Sidii zimekwisha, sauti yangu watu wameisahau, wamebaki na lile swali tu. Na mimi tangu siku ile, mtu akiniuliza habari ya mtu, fulani kafukuzwa kwa nini, fulani kaachika kwa nini, najibu sijui. Wengine wananiona nina maringo, wengine wananiona bwege. Ni neno dogo, jamani, sijui. Lingetoka kwenye maiki siku ile, leo ningekuwa na mke wa mlimani.