Bei ya Oicha

Wakati ule nilikuwa nikikaa kwenye kidirisha cha tiketi, katika agence ndogo ya magari pale Butembo. Niliuza tiketi na kujibu maswali: gari la Beni linaondoka saa ngapi, la Oicha ni bei gani, mtoto wa mapajani analipa au halipi. Bei ziliandikwa ukutani kwa chaki, lakini watu walipenda kuzisikia kwa mdomo.

Asubuhi moja chauffeur, dereva wa gari la Oicha, aliingia bila salamu, akafuta bei yake kwa kiganja.

“Kuko nini?” nikamuuliza.

“Uuzishe ya Beni tu.”

Akatoka, akaegemea gari lake. Tangu jana jioni hakuna gari lililorudi kutoka upande ule, na barabara ile iliwahi kuviziwa na watu wenye silaha.

Wa kwanza kuuliza alikuwa mwalimu, mtu wa Kasai aliyetumwa kufundisha Oicha. Alipita kwetu mara nyingi, shati jeupe siku zote.

“Mama, Oicha ni ngapi?”

“Leo hapana Oicha, mwalimu. Gari inaishia Beni.”

“Juu ya nini?”

“Sijue. Chauffeur anakatala.”

“Lakini batoto beko na examen kesho. Kutoka Beni, pikipiki ni ngapi?”

Bei hiyo niliijua. Hata kona wanaposimama wenye pikipiki niliijua. Lakini sikutaka aende.

“Sijue,” nikasema tena.

Kabla ya siku ile sikuwahi kumdanganya msafiri. Alichukua tiketi ya Beni, akanishukuru.

Kabla ya saa sita simu ya bureau, ofisi yetu, ikalia. Ni mwalimu, yuko Beni.

“Mama, nimepata pikipiki. Tunaenda.” Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma.

“Mwalimu, shuka.”

“Umesikia nini?”

“Sijasikia kitu. Hakuna mutu anatoka kule, hakuna mutu anapiga simu. Shuka, tafazali!”

Simu ikakatika. Mchana kutwa watu waliniuliza bei, nami nikawaomba warudie.

Kesho yake alasiri alishuka kwenye gari la Beni, shati limejaa vumbi. Nilimpa maji. Hakunywa.

“Nilishuka,” akasema. “Mama mumoja akapanda pa fasi yangu. Pikipiki haiyarudi.”

Kisha akaniomba nimtafutie jina la yule mama, ili aiambie familia yake. Nikamwambia ukweli: kwenye pikipiki hakuna tiketi, na jina la abiria haliandikwi popote.