Saa Tatu na Nusu Ziwani

Nafasi ilikuwa moja. Hilo Daktari alilisema siku ya kwanza kabisa, tukiwa tumesimama wasichana wawili mbele ya meza yake hapo Nakuru, na mimi sikusikia kitu kingine tena asubuhi hiyo. Mmoja wetu angepelekwa Nairobi miezi sita, kusomea kazi ya kusoma picha zinazopigwa kutoka angani. Mwingine, asante, kwaheri.

Huyo wa kwaheri, kwa maoni yangu, alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto.

Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja, darasa moja. Hii ni miaka ya sabini. Yeye alipata Divisheni Wani, mimi Divisheni Tuu. Baba yake alikuwa gadi wa treni, watu wa kutoka Magharibi, na walikaa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mfereji uko hapo mlangoni. Sisi tulikaa mtaa wa Rhonda na maji tulibeba kwa kichwa. Hata nywele zake zilikubali kitana bila vita. Nayajua haya yote kwa sababu niliyaandika kwa daftari yangu ya nyumbani kila jioni, na nikiisoma leo naona aibu, lakini uongo siuoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ziwa letu la Nakuru lilikuwa linageuka rangi. Mwaka huu flamingo wamejaa mpaka ukingo wote ni waridi, mwaka ujao wamehama, na maji karibu na mto Njoro yamekuwa kama chai ya maziwa. Wengine walisema ni uchafu wa mjini. Wengine walisema ni udongo wa mashamba ya huko juu, tangu miti ikatwe. Kila mtu alikuwa na maneno. Daktari, ambaye hakuwa wa hospitali bali wa mawe na udongo, ingawa mama yangu alinituma nimwulize juu ya mgongo wake, alisema maneno yatoshe, tupime.

Kuna mashine, alituambia, inazunguka dunia huko juu kabisa, na kila baada ya siku kumi na nane inapita hapa kwetu ikipiga picha ya Bonde la Ufa lote, kutoka huko Baringo mpaka ukapite Mai Mahiu.

"Lakini picha inaona tu," akasema, "haijui inaona nini. Itaona weupe kwa maji. Ni soda, yaani magadi? Ni udongo? Ni wingu? Mtu lazima awe ndani ya maji saa hiyo hiyo aiambie. Huyo mtu ni nyinyi. Saa tatu na nusu asubuhi, kamili. Mchana upepo unavuruga ziwa lote, kipimo cha mchana ni cha kutupa."

Tulipewa kila mmoja sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, imefungwa kwa kamba yenye alama za sentimita. Unaingia majini, unashusha sahani polepole, na pale inapopotea machoni, unasoma kamba. Kama maji ni safi inaenda chini. Kama yana matope inapotea kabla hata hujapumua. Tulipewa na daftari yenye safu tatu, Daktari amezichora mwenyewe na kuandika juu: TAREHE, SAA, KINA. Mimi nikapewa mdomo wa mto. Binti wa gadi akapewa ng'ambo ile, kwenye ufuko mzuri mkavu, ambapo huingii matope mpaka magotini.

Niliingia matope mpaka magotini kila siku isipokuwa Jumapili. Soda iliniwasha miguu, ngozi ikakauka kama ya kenge. Mama alinipaka mafuta ya kupikia huku akicheka.

"Hiyo ndege yenu inaona mpaka kwa choo?"

"Mama, si ndege."

"Mimi nauliza tu. Nijue kama nitaweka paa."

Sikucheka. Nilikuwa natazama ng'ambo. Kila asubuhi nilimwona pale, mdogo kama njiti ya kiberiti, kofia ya baba yake kichwani, na nilisali, kweli nilisali, ateleze.

Halafu alasiri moja nikakutana naye barabara ya kutoka ziwani, yuko juu ya baiskeli, sahani na kamba nyuma kwa keria. Alasiri! Akanipungia mkono. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Nilikuwa na malapa.

Mwezi ukaisha, Daktari akaja kutoka Nairobi na begi yake ya ngozi, tukaleta daftari zetu ofisini. Mimi nilifika mapema, kama kawaida yangu. Yake ilikuwa hapo mezani tayari, ameiacha, ameenda kunywa maji. Nikaifungua. Nani hangeifungua?

SAA: 9.30. SAA: 9.30. SAA: 9.30. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa Divisheni Wani.

Saa tisa na nusu! Nilisikia joto linapanda mpaka masikioni, na lilikuwa joto tamu, nisidanganye. Kumbe asubuhi anakuja kusimama tu nimwone, halafu anapima alasiri baiskeli ikimngoja. Daktari alipoingia hata sikumwacha aketi.

"Daktari, samahani, kuna kitu lazima nikuambie kwa faida ya utafiti." Kwa faida ya utafiti! Nilisema hivyo. "Mwenzangu hapimi asubuhi. Anapima saa tisa na nusu. Ameandika mwenyewe, na mimi kwa macho yangu nimemwona barabarani na sahani."

Daktari akaichukua daftari, akasoma. Halafu akasema polepole, akitazama mlango, "Wewe binti, ingia. Unapima saa ngapi?"

Alikuwa amesimama hapo na kikombe cha maji. Sijui tangu lini.

"Saa tatu na nusu, Daktari."

"Na hapa umeandika?"

"Naini thati." Akanitazama mimi, si yeye. "Baba ni wa reli. Kwetu saa ikiandikwa ni ya reli. Ukiandika ile ingine, mtu anaachwa na treni. Na ile siku nilikuwa napeleka sahani kwa fundi apake rangi. Soda ilikuwa imeila."

Sasa, mimi nilijua vizuri kwamba saa tatu ya kusema ni tisa ya kuandika. Hiyo tulifundishwa tukiwa wadogo. Saa ya mkononi ya Daktari, pale pale mbele yangu, ilikuwa inasema hivyo hivyo. Lakini wivu haupigi hesabu. Na kwa daftari yangu, hapo juu paliandikwa SAA, kwa Kiswahili, sasa mimi nikajibu kwa Kiswahili.

Ndiyo maana Daktari alipoichukua daftari yangu mimi, nilijua atakachokiona hata kabla hajaifungua.

3.30. 3.30. 3.30.

"Kumbe," akasema Daktari.

Akafungua begi, akatoa barua. Wakubwa wake walikuwa wameona nakala za wiki za kwanza, zile tulizotuma kwa posta, na kuamua: vipimo vya mdomo wa mto ni vya alasiri, havifai, mpimaji wa pale aachishwe. Alikuwa amekuja kuniachisha. Mimi ndiye wa kwaheri. Na barua ilikuwa ya wiki nzima nyuma.

"Nilipima asubuhi," nikasema. "Haki ya Mungu."

"Nani alikuona?"

Huko matopeni nani ananiona, nyati?

"Mimi," akasema binti wa gadi. "Kila siku. Flamingo wa upande wake wanaruka wote akiingia kwa maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nasahihisha saa yangu nao. Hajawahi kuchelewa hata dakika tano."

Alisema bila hasira na bila huruma, kama anayesoma kamba. Halafu akavuta kiti, akachukua daftari yangu na kalamu, na mstari kwa mstari akaandika 9.30 pembeni ya kila 3.30, na jina lake chini kama shahidi. Nilisimama nikimtazama anavyonisaidia. Afadhali angenizaba kofi.

Daktari akatandaza picha mezani. Ziwa lilikuwa jeusi, kama kipande cha kitambaa kilichochanika, na kwenye mdomo wa mto palikuwa na ulimi mweupe unaingia ndani. Siku ya picha hiyo, sahani yangu ilipotea sentimita tatu chini. Yake ng'ambo, kumi na nane. Ulimi ulikuwa udongo, si soda. Na ukiufuata mto kwa kidole kwenda juu, uliona wapi kingo zimelimwa mpaka majini.

"Bila hiki kipimo chako," Daktari akaniambia, "hii picha ni mapambo."

Nikangoja aseme lingine. Alisema. Nafasi ya Nairobi ni ya mwenzangu. Wakubwa walishaandika, na hata kama hawangekuwa wameandika, akasema, mtu wa kusoma picha lazima kwanza ajue anaandikia nani. Mimi ningebaki kwa kazi, nipite kwa wakulima kando ya mto na hiyo picha, niwaombe waache nyasi na miti hatua kumi kutoka majini.

Mkulima wa kwanza alikuwa mama yangu. Alikuwa amekodi kipande pale mtoni, mahindi yake yamepangana mpaka maji yanalamba mizizi. Nilimwonyesha picha. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Na yule mwenzako ako wapi?"

"Nairobi. Anasoma."

"Yeye anasoma," mama akasema, "na wewe unakuja kuninyang'anya mistari minne ya mahindi."

"Ndiyo, Mama."

Alinirudishia picha. Halafu akanipa jembe. Nilichimba mashimo ya kupanda matete badala ya mahindi, kuanzia ukingoni, nikipiga kila shimo kwa nguvu zaidi ya zilizotakiwa, na mama nyuma yangu akishindilia udongo kwa mguu, akiniambia niache hasira, mto haukunikosea kitu.