Presha ya Jumatatu Asubuhi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, mwaka wa 1972, nilikuwa nageuza ndagala zangu, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa Rumonge risasi zilipolia upande wa barabara. Watu wenye mapanga walitokea kati ya michikichi. Mchuuzi aliyekuwa hatua kumi kutoka kwangu alikatwa shingoni, akaanguka juu ya samaki wake. Nilikimbia. Karibu na zahanati nilihisi maji ya moto kifuani. Nikatazama: shati lote jekundu.

Simeoni, muuguzi pekee aliyebaki, alinivuta ndani, akasukuma kitanda nyuma ya mlango.

"Risasi iko hapa, kifuani!" nikapiga kelele.

Alinichania shati. "Kifua iko kizima, muzee Issa. Damu inatoka mu pua. Inamisha kichwa mbele, usimeze!"

Alinibana pua kwa robo saa. Yalitoka mabonge meusi kama maini. Kisha alinifunga mpira wa kipimo mkononi, akasikiliza.

"Ishirini na tatu juu, kumi na tatu chini; kawaida ni kumi na mbili kwa nane. Hakuna mutu amekupiga. Ni presha."

"Jumatatu ulipima kumi na nne!"

"Ndiyo. Jumatatu."

Lazima niseme ukweli hapa. Baba yangu alianguka akiwa na gunia mgongoni, mshipa umepasuka kichwani, akafa kabla ya jioni. Kwa hiyo nilipimwa kila mwezi, Jumatatu asubuhi. Lakini kila mara, tangu Jumamosi, niliacha sigara, nikala bila chumvi, nikalala sana. Nikishapimwa, niliwasha sigara palepale kwenye ngazi za zahanati, nikaenda kula samaki wa chumvi. Tangu mwaka wa uhuru, nilipoanza biashara, nilivuta pakiti moja kwa siku. Vidonge vya presha nilimeza kichwa kilipouma tu.

Simeoni akaniuliza, "Ndagala zako unapeleka kwa mizani saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kwa nini si muchana?"

Kila mchuuzi wa Rumonge anajua: alfajiri umande bado uko ndani ya samaki. Mchana gunia lilelile linakuwa jepesi.

"Basi wateja unawauzia umande, na mimi unaniletea ndagala kavu. Leo nitakupima mpaka jua lirudi hapo lilipo."

Hatukuweza kutoka, kwa hiyo alitimiza. Kila baada ya saa mbili mpira ulinibana mkono, naye akaandika kwenye karatasi ambayo ninayo hadi leo. Saa kumi na moja jioni: ishirini na mbili. Saa moja usiku: kumi na tisa. Kisha nilienda chooni na sigara niliyoficha kwenye soksi. Niliporudi: ishirini na moja. Alininusa tu, akaandika pembeni, "Tumbaku." Nje mtu alilia akimwita mama yake, halafu akanyamaza ghafla. Saa tisa usiku, nilipokwisha kusinzia: kumi na saba.

Saa kumi na moja alfajiri nilivaa viatu. Mtaji wangu wote ulikuwa mchangani, na saa ile ulikuwa mzito. Rafiki yangu Ramadhani akagonga dirisha. "Issa, kumetulia! Twende tukusanye mali, umande haujakauka!"

Simeoni alinishika mkono. "Kwanza tupime. Ikiwa chini ya kumi na sita, nenda."

Nilikubali, maana nilijiona mzima. Zebaki ilisimama kwenye ishirini na mbili. Sikuwa nimefanya kazi yoyote, nilikuwa nimeamka tu.

"Gunia moja kwa mugongo," akasema, "na utamfuata baba yako."

Niliketi. Nilimwambia Ramadhani asiende, akanicheka: "Weye umeshakuwa bibi harusi wa muganga!" Nusu saa baadaye tulisikia risasi za ufukweni. Ramadhani hakurudi.

Alasiri, risasi zilipokoma, mke wangu, Mama Halima, alifika na chungu chini ya kanga. Simeoni akamweleza habari za Jumatatu zangu. Mke wangu akashika kiuno.

"Baba Halima! Na mimi nilidhani unajiandalia saumu ya suna ya Jumatatu!"

Nilicheka, pua ikaanza kutoka damu tena.

Sijapona. Presha haiponi, inatunzwa. Nameza vidonge kila siku, hata kichwa kisipouma. Sigara niliacha kwenye kile choo. Samaki wa chumvi analowekwa mara tatu kabla ya kuingia chunguni. Napimwa alfajiri mwezi huu, mchana mwezi ujao, jioni mwezi unaofuata, bila kujitayarisha. Nawe unayesoma, usimchagulie muganga wako saa nzuri. Mwache akukute ulivyo.

Namshukuru Mungu, na Simeoni baada yake. Ndagala zangu zote zilipotea. Nimezipigia hesabu kwa uzito wa mchana, bila umande: faranga elfu kumi na mbili na mia nne.