Malisho ya Chini ya Mererid

Mererid Pugh alipofiwa na mumewe, sisi watu wa bondeni tulidhani kondoo watauzwa kabla ya theluji. Hakuuza hata mmoja. Mwezi wa kumi alifunga kwa mnyororo lango la malisho ya chini, yenye majani mazuri kuliko yote, akawapandisha majike wake mia mbili mlimani kwenye mawe na upepo.

Shemeji yake Idwal, anayepakana naye, alimcheka nje ya kanisa mbele za watu. "Shemeji, majani chini, kondoo juu! Unamtunzia nani, sungura?"

"Namtunzia mwana-kondoo ambaye hajazaliwa. Wewe tunza wako."

Kila asubuhi alipanda na trekta, marobota manne ya nyasi kavu nyuma. Hakulisha mahali pamoja siku mbili. Alisogea hatua hamsini ili ardhi isigeuke tope. Aliwapapasa migongo, na aliyekonda alimtenga akamwongezea shayiri. Vidole vilimpasuka kwa baridi. Alivifunga plasta, akaendelea.

Kufikia Januari malisho ya Idwal yalikuwa tope tupu. Asubuhi moja Mererid alikuta mnyororo umekatwa, kondoo wenye alama nyekundu ya Idwal wanatafuna ndani, na mwenyewe kasimama langoni, mikono mfukoni.

"Haya ni majani ya kaka yangu."

"Kaka yako yuko makaburini. Majani ni yangu."

"Mwanamke peke yako utafika wapi?"

"Nitafika hapo uliposimama, usiposogea."

Akampigia mluzi mbwa wake wa kuchunga. Dakika kumi hazikuisha, kondoo wote walikuwa barabarani, wamempita Idwal kwa vishindo hadi kofia ikamdondoka. Jioni Mererid alifunga lango kwa mnyororo mpya. Yaliyotokea alinisimulia mimi tu, jirani yake.

Machi majike walianza kuzaa, na baridi ilikuwa haijaachia. Kwetu majani hayajachipua, ghalani yamebaki makapi. Mererid akafungua lango lake. Majani yalifika kwenye kifundo cha mguu. Viwele vikajaa maziwa.

Idwal akaja kuomba malisho, safari hii kofia mkononi.

"Kondoo kumi," Mererid alisema. "Wiki moja. Na nachagua mimi."

Akaingia katikati ya kundi la Idwal, akapapasa mgongo mmoja mmoja, akiwapitisha langoni waliokonda. Idwal alipomsukuma mbele jike wake ampendaye, Mererid alimgusa mara moja tu.

"Huyu kanona kukushinda, shemeji. Rudi naye."