Pepo Ambalo Halikutoka

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Atieno akitetemeka jikoni. Vidonge vya maumivu alivyozoea tangu upasuaji vilikuwa vimekwisha.

Nikamkumbuka mama yangu, hapa hapa Riruta, alasiri moja nikiwa mtoto. Naye alikuwa mtu wa vidonge, vya mgongo. Alilowa jasho, nyumba ikinuka mafuta ya taa, na akina mama wa kanisa wakamzunguka wakipiga makofi, wakikemea pepo. Nilijibana mlangoni nikingoja kuliona likitoka. Halikutoka, maana halikuwepo. Ni mwili uliokuwa ukidai dawa. Alipofariki, tulimzika bila yeyote kuitaja dawa hiyo.

Sasa jirani yangu, aliyeingia jikoni na kumwona Atieno, akaninong'oneza, "Shosho, tumwite pasta. Watu wasijue."

"Wajue! Hii si pepo, ni dawa imemshika. Anayetaka kumwombea, atufuate hospitali. Atieno, vaa viatu."