Jarida la Baiskeli za Milimani

Wiki jana nilienda posta mjini Kisii kuchukua jarida langu la baiskeli za milimani. Mama wa kaunta alitazama jalada, ambapo kijana alikuwa akiteremka mlima kwa kasi.

"Huyu hajabeba ndizi za kupeleka sokoni. Sasa anaenda wapi?"

"Haendi mahali, mama. Ni mchezo."

Akaliangalia tumbo langu polepole. "Na baiskeli yako, mzee, umeiegesha wapi?"

Yangu iko nyumbani Kiogoro. Mke wangu huitumia kuanikia nguo.

Marafiki huniuliza kwa nini bado naagiza jarida wakati kila kitu kiko kwenye simu. Nawajibu kwamba simu hainichoshi, ila nikisoma hili kurasa tatu, miguu huniuma kabisa. Basi siku hiyo pale kaunta nililipia jarida mwaka mwingine, kisha nikaita bodaboda inipandishe kilima.